Vifungo vya Kemia na Mfuko wa Mbolea

Ndugu Mkulima,

Mwezi huu nakuomba ukae kitako jioni moja, uwaite watoto wanaojua kusoma, mlisome somo hili pamoja polepole. Ni somo la kemia. Usiliogope jina hilo, kwa maana kemia imo jikoni mwako, imo kisimani, na zaidi ya yote imo katika mfuko wa mbolea unaoununua kwa fedha nyingi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi nakaa Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, na kijishamba changu cha mahindi kiko ng'ambo, upande wa Shimoni. Mwaka mmoja nilinunua mfuko wa CAN wa kilo 50. Nyumbani nilikuwa na majivu tele ya jikoni, nami nilijua kuwa majivu nayo ni mbolea. Basi nikafikiri: nikiyachanganya yote mawili, nitapanda ngazi mbili kwa hatua moja. Nikachanganya katika karai, udongo ukiwa na umande, nikaanza kutia shambani. Punde ikatoka harufu kali ya kuchoma pua, kama ya zizi lisilofagiliwa. Macho yakanitoka machozi. Sikujali, nikaendelea mpaka mwisho. Baada ya majuma machache mahindi yangu yalikuwa ya manjano, na ya jirani yangu, aliyetia CAN tupu, yalikuwa ya kijani kibichi. Jirani akaniuliza, "Bwana Karani, si wewe unayetuandikia karatasi za kilimo?" Sikuwa na jibu.

Jibu ninalo leo. Harufu ile ilikuwa fedha yangu ikipaa hewani. Na sababu yake ni hii: tabia ya kila kitu, yaani kama kitayeyuka majini au la, kama kitastahimili moto au la, kama kitabaki udongoni au kitaruka, hutokana na jinsi atomi zake zilivyofungana. Mkulima akivijua vifungo hivyo, atajua jinsi ya kuitunza mbolea yake.

ATOMI NA VIFUNGO VYAKE

Vitu vyote vimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni zenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Chanya na chanya husukumana, na hasi na hasi vivyo hivyo. Atomi nyingi hazikai peke yake. Hushikana na nyingine, na mshiko huo twauita kifungo. Atomi za aina mbalimbali zikifungana, kitu kinachopatikana huitwa kampaundi, nacho huwa na tabia mpya kabisa. Mathalan, sodiamu ni madini laini yanayowaka kwa ghadhabu yakiguswa na maji, na klorini ni hewa yenye sumu. Zikifungana pamoja, zinakuwa chumvi unayotia katika mchuzi.

Viko vifungo vya namna tatu ambavyo yafaa uvijue.

Cha kwanza ni kifungo cha kupeana. Atomi moja humpa mwenziwe elektroni. Aliyetoa hubaki na chaji chanya, na aliyepokea huwa na chaji hasi. Atomi zenye chaji namna hiyo huitwa ioni, na kwa kuwa chanya na hasi huvutana, hushikana kwa nguvu. Hivyo ndivyo ilivyo chumvi.

Cha pili ni kifungo cha ubia. Hapa hakuna anayetoa wala anayepokea. Atomi mbili hutumia elektroni kwa pamoja, kama wavuvi wawili wenye ngalawa moja ya ubia. Vilivyofungwa hivyo huwa kundi dogo liitwalo molekuli. Maji, sukari, mafuta ya nazi na mbolea ya urea vyote ni vya ubia.

Cha tatu ni kifungo cha jumuiya. Hiki ni cha madini kama chuma na shaba. Atomi zote huweka baadhi ya elektroni zao katika mfuko mmoja wa wote, nazo elektroni hizo hutembea huku na huku. Ndiyo maana waya wa shaba hupitisha umeme. Ndiyo maana pia mhunzi akilipiga jembe kwa nyundo, chuma hupinda wala hakivunjiki: atomi zikisogea, bado zimo katika jumuiya ile ile. Lakini chuma hicho kikiachwa nje penye upepo wa bahari, hushikana na oksijeni na maji, kikawa kutu. Kutu si ya jumuiya tena, nayo humomonyoka mkononi. Osha jembe lako, ulikaushe, ulipake mafuta.

CHUMVI NA SUKARI

Fanya jaribio hili. Weka chumvi kidogo katika kikaango kimoja na sukari kidogo katika kingine, uviweke juu ya moto wa makaa. Chumvi itapasuka kwa sauti ndogo, lakini itabaki chumvi. Sukari itayeyuka, iwe kahawia, kisha nyeusi. Zote ni nyeupe na zote huyeyuka majini. Mbona moto wazitenga?

Katika chumvi, kila ioni imezungukwa na ioni za chaji nyingine pande zote, juu na chini, na kila moja inaivuta. Kuzivunja zote kwahitaji joto la digrii 801, na moto wa jikoni haufiki hapo kwa urahisi. Katika sukari, atomi za ndani ya molekuli zimefungana sana, lakini molekuli moja na nyingine zimeshikana kwa mkono mwepesi tu. Joto kidogo huziachanisha, na likizidi huvunja hata vifungo vya ndani, ikabaki kaboni nyeusi.

Majini nako zatofautiana. Chumvi ikiingia majini huachana, kila ioni ikaenda njia yake ikiwa na chaji yake. Kwa hiyo maji ya chumvi hupitisha umeme. Sukari huingia majini molekuli nzima nzima, bila chaji, na maji ya sukari hayapitishi umeme. Mwalimu wa shule aweza kuwaonyesha watoto jambo hili nje ya darasa kwa betri 4 za tochi, waya na taa ndogo ya LED.

Kumbuka neno hili, kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye mbolea: kitu chenye chaji majini ni tofauti na kitu kisicho na chaji.

MAFUTA, MAJI NA SABUNI

Wakati wa kusi, asubuhi ya baridi, mafuta ya nazi huganda chupani, na jua likipanda huyeyuka tena. Kiasi cha digrii 24 au 25 chatosha kuyayeyusha, maana molekuli zake zimeshikana kwa wepesi. Mafuta ya simsim hayagandi asubuhi hiyo hiyo. Molekuli zake ni minyororo yenye vipindo, na minyororo iliyopinda hailaliani vizuri, kama vijiti vilivyopinda visivyofungika katika mzigo mmoja.

Maji ni ya ajabu zaidi. Molekuli ya maji ni ndogo na nyepesi, karibu sawa kwa uzito na ile ya methani, hewa iwakayo itokanayo na samadi. Lakini methani huchemka kwa baridi kali ya digrii 161 chini ya sifuri, na maji huchemka kwa digrii 100. Sababu ni kwamba katika ubia wa maji, oksijeni huzivuta elektroni upande wake kuliko haidrojeni. Basi upande mmoja wa molekuli una hasi kidogo, na upande wa pili una chanya kidogo, na molekuli zavutana zenyewe kwa zenyewe. Mafuta hayana pande hizo. Ndiyo maana maji huyakataa mafuta, yakaelea juu ya mchuzi.

Sabuni ni mpatanishi. Mkia wake ni wa mafuta na kichwa chake kina chaji. Mkia hushika uchafu wa mafuta, na kichwa hushika maji, vikatoka pamoja. Sisi wa Mkwiro twajua kuwa sabuni hutoa povu jingi kwa maji ya mvua ya birikani, na hukataa kwa maji ya kisima cha matumbawe au ya bahari. Katika maji hayo mna ioni za kalsiamu na magnesiamu zenye chaji mbili. Hukishika kichwa cha sabuni, na sabuni hugeuka kuwa utando mweupe usiosafisha kitu. Kabla ya kuilaumu sabuni, yatazame maji.

JIWE LA MATUMBAWE NA CHOKAA

Kisiwa chetu chote ni jiwe la matumbawe, yaani kalsiamu kabonati. Nalo lina vifungo vya namna mbili: ndani ya kabonati, kaboni na oksijeni ni wabia, na kabonati nzima yenye hasi mbili imeshikana na kalsiamu yenye chanya mbili kwa kifungo cha kupeana. Utauliza, kama ni kifungo kile kile cha chumvi, mbona kisiwa hakiyeyuki baharini? Ni kwa sababu ya hizo mbili mbili. Chaji mbili na mbili huvutana kwa nguvu kuliko moja na moja, na maji matupu hayawezi kuziachanisha ila kidogo sana.

Lakini tindikali yaweza. Kamulia ndimu juu ya jiwe la matumbawe, nawe utaona mapovu. Mvua nayo, ikipita hewani na udongoni, hubeba hewa ya kabonidayoksaidi, ikawa tindikali nyepesi. Kwa miaka maelfu mengi maji ya namna hiyo yamelila jiwe la pwani yetu, na mapango ya Shimoni ni ushahidi wake.

Jiwe hilo likichomwa katika tanuri kwa joto la karibu digrii 900, haliyeyuki bali hugawanyika. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 huondoka kama hewa, na kilo 56 hubaki kama chokaa. Chokaa hii ya tanuri ikikutana na maji hufanya vifungo vipya na kutoa joto kali, hata maji yakachemka. Kisha, ikiisha kutulia na kupakwa ukutani, huivuta tena kabonidayoksaidi ya hewani polepole, ikarudi kuwa jiwe. Kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya namna hii Wareno walijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kati ya 1593 na 1596, na kuta zake zingali zimesimama.

Tahadhari! Chokaa ya tanuri hupofusha. Tia chokaa katika maji mengi kidogo kidogo. Usimwage maji machache juu ya fungu la chokaa. Funika macho, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali bila kukawia.

SASA TUIFIKIE MBOLEA

Kirutubisho kinachofanya mahindi yawe ya kijani ni naitrojeni, nayo huja kwako katika sura tatu.

Sura ya kwanza ni amoniamu. Ndani yake naitrojeni na haidrojeni ni wabia, lakini kundi zima lina chaji chanya. Udongo wa mfinyanzi na mboji vina chaji hasi. Kwa hiyo amoniamu hushikwa na udongo, wala mvua haiichukui kwa urahisi.

Sura ya pili ni naitreti. Hii ina chaji hasi, na udongo wenye hasi haushiki. Mmea huipenda na huinywa upesi, lakini mvua kubwa ikinyesha huenda nayo chini, mpaka kisimani. Hapo ni hasara mara mbili, maana naitreti nyingi katika maji ya kunywa ni hatari kwa watoto wachanga.

Sura ya tatu ni urea. Ni molekuli ya ubia isiyo na chaji. Mwanzoni udongo hauishiki, ila baadaye vimeng'enya vya udongoni huigeuza kuwa amoniamu.

CAN ina amoniamu nusu na naitreti nusu, pamoja na unga wa chokaa ya jiwe. Mfuko wa kilo 50 wenye alama ya 26 una kilo 13 za naitrojeni. Urea yenye alama ya 46 ina kilo 23 katika mfuko kama huo. Kwa hesabu ya dukani urea yaonekana ni rahisi. Lakini sikiliza.

Amoniamu ikikutana na majivu, chokaa, au udongo wa matumbawe, hunyang'anywa haidrojeni moja. Chaji yake hupotea, ikawa amonia, hewa isiyoshikwa na udongo. Hapo hupaa. Ndiyo harufu iliyonitoa machozi. Urea nayo ikitupwa juu ya udongo wa matumbawe ulio na unyevu kidogo, hugeuka amoniamu pale pale juu, kisha amonia, na upepo ukaichukua. Mfuko ulikuwa na kilo 23, lakini zilizofika mizizini ni pungufu mno.

Wewe uliye Shimba Hills, wenye udongo wa mchanga, shida yako ni nyingine. Mchanga ni silikoni na oksijeni zilizofungana kwa ubia pande zote bila mwisho, kama wavu usio na ncha. Kwa hiyo hauyeyuki, hautoi chakula kwa mmea, na karibu hauna chaji ya kushikia kitu. Mbolea yote ukiitia siku moja, mvua ya mwaka itaiosha. Dawa ni samadi na mboji, ili udongo upate mikono ya kushika.

Na fosfeti, iliyo katika DAP? Hiyo ina chaji hasi zaidi ya moja, na kalsiamu ya udongo wa matumbawe huikamata kwa nguvu, ikawa karibu jiwe. Usiinyunyize ovyo. Itie ndani ya shimo pamoja na samadi, mzizi uikute mapema, lakini isigusane na mbegu. Kwa sababu hiyo hiyo, mawe ya fosfeti yaliyosagwa, kama yale ya Minjingu huko Tanzania, hufaa katika udongo wenye tindikali, ambao huyayeyusha, na hayafai katika udongo wa matumbawe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Pima udongo wako kwa ndimu. Chukua udongo mkavu kiganja kimoja, ukamulie. Ukitoa mapovu, una chokaa tayari; usiongeze chokaa wala majivu. Usipotoa mapovu, usikimbilie kununua chokaa. Mwombe ofisa wa kilimo udongo upimwe kwanza.

2. Usichanganye majivu au chokaa na CAN, urea wala DAP. Kila kimoja kiwe na siku yake, na majuma kadhaa yapite katikati.

3. Urea na CAN zifukiwe. Chimba kijifereji cha kina cha vidole vitatu, mbali kidogo na shina, tia mbolea, funika siku ile ile.

4. Katika udongo wa mchanga, gawa mbolea ya kukuzia mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, na nusu kabla ya kutoa mbelewele. Usitie mawingu ya mvua kubwa yakiwa yamekwisha kutanda.

5. Weka mifuko mahali pakavu, juu ya mbao, ifungwe vizuri. Mbolea hizi huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

6. Usiache kutia samadi. Mboji yake ndiyo ghala linaloshika amoniamu na potasiamu mpaka mmea uhitaji.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kwa nini chumvi haiyeyuki kikaangoni na sukari huyeyuka? Kwa nini amoniamu hukaa udongoni na naitreti hukimbia na maji? Na je, mtu akikuambia uchanganye majivu na CAN, utamjibu nini?

Majibu yote yamo humu. Yasome mara ya pili, umsomee na jirani asiyejua kusoma. Mimi msimu uliofuata nilitia CAN peke yake, nikaifukia, na majivu nikayapeleka kwenye migomba baada ya mavuno. Jirani yangu alipita, akayatazama mahindi, akasema, "Sasa karani amesoma." Nawe usingoje kupoteza mfuko mzima ndipo usome.

Wasalaam.

Karani wa Kilimo, Mkwiro